Samaki Mkunje Angali Mbichi: Historia ya Ustahimilivu wa Mwili

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Sisi walimu tumezoea kuitumia methali hii tunapozungumzia malezi ya watoto. Ni wachache miongoni mwetu waliopata kufikiri kwamba mwili wa kiumbe nao hufuata kanuni hiyo hiyo, na kwamba wataalamu walitumia miaka mingi kuitambua. Makala haya yanakusudia kusimulia, kwa ufupi, jinsi binadamu alivyopata kujua kwa nini ngozi au figo ya mtu mmoja hukataliwa na mwili wa mwingine, na ni lini mwili hukubali kumpokea mgeni.

Kisa chetu kinaanza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1940 ndege ya kivita ilianguka karibu na nyumba ya Peter Medawar mjini Oxford, Uingereza, na askari mmoja wa anga akaungua vibaya sana. Medawar, aliyezaliwa Brazil mwaka 1915 kwa baba Mlebanoni na mama Mwingereza, alikuwa mtaalamu wa elimu ya wanyama, wala hakuwa tabibu. Hata hivyo, madaktari walimwomba shauri. Ngozi ya majeruhi mwenyewe iliyobaki haikutosha kuyafunika majeraha. Je, kwa nini ngozi ya mtu mwingine isitumike?

Ili kulijibu swali hilo, Medawar alikwenda Glasgow kufanya kazi na daktari mpasuaji Thomas Gibson. Huko walimtibu mwanamke aliyeungua kwa kumpandikiza vipande vya ngozi yake mwenyewe na vingine vya kaka yake. Vile vyake vilishika na kumea. Vile vya kaka yake vilishika kwa siku chache, kisha vikaharibika. Walipompandikiza ngozi ya kaka yake kwa mara ya pili, iliharibika upesi zaidi kuliko ile ya kwanza. Katika andiko lao la mwaka 1943 walieleza maana ya jambo hilo: mwili ulikuwa umekumbuka. Na kwa kuwa kukumbuka adui ni tabia ya kinga ya mwili, ile inayotulinda dhidi ya maradhi, basi kukataliwa kwa ngozi ngeni nako ni kazi ya kinga hiyo hiyo.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, mtu mwingine alikuwa akichunguza jambo lililoonekana kuwa mbali kabisa na hilo. Ray Owen, huko Wisconsin, Marekani, alikuwa akipima damu ya ng'ombe. Wafugaji wamejua tangu kale kwamba mtamba aliyezaliwa pacha na dume mara nyingi huwa tasa, kwa sababu wakiwa tumboni mishipa ya damu ya kondo zao huungana. Owen aligundua kwamba kila mmoja wa pacha hao alikuwa na aina mbili za chembe za damu: zake mwenyewe na za nduguye. Lililo ajabu ni kwamba chembe hizo ngeni ziliendelea kuishi ndani yake hata alipokuwa mkubwa, wala mwili haukuzipiga vita. Owen aliyachapisha hayo mwaka 1945, lakini wasomaji wengi waliyapita bila kuona uzito wake.

Mwaka 1948, katika mkutano wa wataalamu mjini Stockholm, Medawar aliulizwa jinsi ya kuwatenganisha ng'ombe pacha wanaofanana kabisa na wale wasiofanana. Alijibu kuwa ni jambo jepesi: wabadilishane ngozi, kwani wasiofanana watakataana. Alipokwenda shambani na mwenzake Rupert Billingham kufanya jaribio hilo, walistaajabu kuona kwamba karibu pacha wote walipokeana, hata dume na jike. Hapo ndipo walipopata habari za Owen, kwa kusoma kitabu cha mwaka 1949 cha Macfarlane Burnet na Frank Fenner wa Australia. Burnet alikuwa amelielewa andiko la Owen, na akatoa rai kwamba kiumbe hujifunza kilicho chake mapema, kabla kinga yake haijakomaa.

Rai hiyo ilihitaji ushahidi. Medawar, Billingham na Leslie Brent walichukua panya wa rangi ya kahawia wakiwa bado tumboni mwa mama yao, wakawadunga chembe za panya weupe wa kizazi kingine. Panya hao walipokua walipandikizwa ngozi ya wale weupe. Baadhi yao waliipokea, hata manyoya meupe yakaota juu ya migongo ya kahawia. Ngozi ya panya wa kizazi cha tatu waliikataa kama kawaida, maana hawakufundishwa kuijua. Andiko lao la mwaka 1953 liliuthibitisha ukweli huo: ustahimilivu wa mwili ni jambo la kufundishika, nao hufundishwa kiumbe angali mbichi. Mwaka 1960 Medawar na Burnet walipewa Nishani ya Nobel. Medawar aliwagawia Billingham na Brent sehemu ya fedha zake, na akamwandikia Owen barua akisikitika kwamba naye hakushirikishwa katika heshima hiyo.

Lakini mgonjwa wa figo si kijusi tumboni. Yeye ni samaki aliyekwisha kukauka. Joseph Murray alipofaulu kupandikiza figo mjini Boston tarehe 23 Desemba 1954, alifaulu kwa kuwa mtoaji na mpokeaji walikuwa pacha wanaofanana kabisa, na mpokeaji akaishi miaka 8 zaidi. Wasiokuwa na pacha wa namna hiyo walisubiri dawa za kuituliza kinga. Iliyosifika zaidi ni siklosporini, iliyotokana na kuvu wa udongo wa Norway. Roy Calne wa Cambridge aliijaribu kwa wagonjwa mwaka 1978. Dawa za namna hii zimeokoa watu wengi sana. Hata hivyo, huidhoofisha kinga yote bila kubagua, na mgonjwa huzimeza maisha yake yote huku akiwa katika hatari ya maambukizo na saratani.

Je, ni nani hasa anayemkataa mgeni mwilini? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1961. Jacques Miller, aliyekuwa akifanya kazi London, aliwatoa panya wachanga tezi ya thaimasi, iliyoko kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Tezi hiyo ilidhaniwa haina kazi ya maana. Panya hao walipungukiwa na chembe nyeupe za damu, na hawakuikataa ngozi ya wageni. Chembe zinazokomaa ndani ya thaimasi ziliitwa baadaye seli T, kwa herufi ya kwanza ya jina la tezi yenyewe. Thaimasi ni kama shule: nyingi za seli zinazoelekea kuushambulia mwili wenyewe huangamizwa humo kabla ya kutoka.

Hata hivyo, baadhi huponyoka. Shimon Sakaguchi wa Japani alijiuliza kwa nini hazituangamizi sote. Katika miaka ya 1980 wataalamu wengi walikwisha kuikana dhana ya kuwapo seli T zinazotuliza nyingine, kwa kuwa ushahidi wa awali ulikuwa umeporomoka. Sakaguchi hakukata tamaa, na mwaka 1995 akaonyesha alama inayozitambulisha seli hizo. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell waligundua jeni ambayo ilikuja kuonekana ndiyo inayoziongoza. Watatu hao walipewa Nishani ya Nobel mwaka 2025. Majaribio ya kuwapa waliopandikizwa figo seli hizo za kutuliza yamekwisha kufanyika, ingawa bado si tiba ya kila siku. Huenda samaki mkavu naye akakunjika.

Kwetu sisi walimu wa Kiswahili, neno lenyewe lina mafunzo. Kustahimili kunatokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kubeba, shina lile lile lililotupa neno himila, yaani mzigo au mimba. Mama hubeba kiumbe ambacho nusu ya asili yake ni ngeni kwake, wala mwili wake haukitupi. Medawar mwenyewe alilitaja fumbo hilo. Basi ustahimilivu si udhaifu wa kinga, bali ni kazi yake mojawapo, tena yenye walinzi wake.

Lipo na funzo la pili. Andiko la Owen lingalibaki kabatini kama Burnet asingalilisoma kwa makini, na Medawar asingalikisoma kitabu cha Burnet. Tuwafundishe wanafunzi wetu, wangali wabichi, kusoma hata yale yanayoonekana kuwahusu wafugaji wa ng'ombe peke yao.