Kabla hujamjengea nyumba, mjue ni nani: historia ya majina ya tarantula

Tuseme jioni hii rafiki yako anayehama nchi amekuachia kopo la plastiki lenye matundu kwenye kifuniko. Ndani yumo buibui mwenye manyoya, akinyoosha miguu anakaribia kiganja chako, na ubavuni mwa kopo kuna kikaratasi chenye jina la Kilatini. Swali la kwanza litakalokujia ni: nimuweke wapi? Ngoja kidogo. Kuna swali linalotangulia: una uhakika gani kwamba jina hilo ni lake?

Nauliza hivyo kwa sababu kwa tarantula, nyumba inafuata jina. Wako wanaochimba mashimo marefu, wako wanaotembea juu ya ardhi, na wako wanaoishi mitini. Ukimpa mchimbaji udongo wa unene wa vidole viwili, hana pa kujificha. Ukimweka wa mtini kwenye boksi fupi lisilo na hewa, utampoteza. Na bahati mbaya ni kwamba majina haya yamekosewa tangu mwanzo kabisa.

Tuanze na neno lenyewe. Tarantula limetokana na Taranto, mji wa kusini mwa Italia. Zamani watu wa huko waliamini kwamba mtu aliyeumwa na buibui fulani lazima acheze ngoma mpaka apone, na ngoma ya tarantella inahusishwa na imani hiyo. Kumbe buibui mwenye jina hilo kwa asili ni wa familia nyingine kabisa, Lycosidae. Wazungu walipofika Amerika na kukutana na buibui wakubwa wenye manyoya, wakawabandika jina walilokuwa nalo tayari. Limeganda mpaka leo.

Mwaka 1699 mwanamke mmoja mchoraji na mtafiti wa wadudu, Maria Sibylla Merian, alisafiri hadi Suriname. Kitabu chake cha mwaka 1705 kilikuwa na mchoro wa buibui juu ya tawi la mpera, akiwa amemkamata ndege mdogo. Mwaka 1758 Linnaeus alimpa buibui wa aina hiyo jina Aranea avicularia, yaani buibui wa ndege. Leo anaitwa Avicularia avicularia, na ni wa mtini kweli, kama Merian alivyochora. Ila wengine walimbishia mama huyo, wakisema habari ya ndege kaitunga.

Aliyemtetea ni Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekaa Amazon miaka 11. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 anaeleza jinsi alivyomwona buibui mkubwa akiwa na ndege wawili wadogo. Anaeleza pia jambo litakalokuchekesha: aliwakuta watoto wa familia moja ya wenyeji wamemfunga buibui wa aina hiyo kamba kiunoni, wanamzungusha ndani ya nyumba kama mbwa. Lakini Bates mwenyewe alimshika mmoja bila tahadhari wakati wa kumhifadhi, akateseka siku tatu. Sababu ni zile nywele ndogo ngumu zinazoingia kwenye ngozi. Kama umewahi kuguswa na upupu shambani, unajua ninachosema.

Hapa pana funzo la kwanza la utambuzi. Tarantula wengi wa Amerika wana nywele hizo za kuwasha. Wa Afrika na Asia hawana. Wao hutegemea meno, na kwa kawaida sumu yao ni kali zaidi. Kwa hiyo kujua tu bara alikotoka kunakuambia ulinde macho au ulinde vidole.

Sasa kisa ambacho mimi hukipenda kuliko vyote. Yule tarantula mweusi mwenye magoti ya rangi ya chungwa, unayemwona kwenye picha nyingi, anatoka Mexico. Mwaka 1897 F. O. Pickard-Cambridge alielezea spishi ambayo leo tunaiita Brachypelma smithi. Biashara ikaja, buibui hawa wakachimbwa kwa wingi, na mwaka 1985 smithi akaingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Mwaka 1994 ukaamuliwa ulinzi wa jenasi nzima.

Halafu mwaka 2017 watafiti Jorge Mendoza na Oscar Francke wakachapisha uchunguzi wa maumbile na DNA. Ikaonekana kwamba wengi waliouzwa duniani kwa jina la smithi walikuwa spishi nyingine, Brachypelma hamorii, iliyopewa jina mwaka 1997. Smithi wa kweli anaishi kusini mwa mto Balsas, hamorii yuko kaskazini. Kwa macho wanafanana mno. Sasa fikiria: kwa miaka mingi wafugaji wangeweza kabisa kuwapandisha spishi mbili wakidhani ni moja. Ulinzi wa jenasi nzima uliokoa jahazi, maana uliwafunika wote bila kujali kikaratasi kinasema nini.

Usidhani ni mambo ya mbali. Kwetu Kenya na Tanzania yupo buibui mkubwa mchimbaji ambaye Karsch alimwita Pelinobius muticus mwaka 1885. Mwaka 1900 Pocock akamwelezea kwa jina jingine, Citharischius crawshayi, na ndilo lililotumika kwenye biashara mpaka mwaka 2010, Richard Gallon alipoonyesha kwamba ni mnyama yule yule. Yupo pia Pterinochilus murinus, aliyeelezwa mwaka 1897: kuna wa rangi ya udongo na wa rangi ya chungwa, wote spishi moja. Yaani rangi peke yake si ushahidi.

Basi turudi kwenye kopo lako. Muulize rafiki yako alimpata wapi na kwa nani. Nilipokuwa nafanya shahada ya uzamili nilipoteza wiki nzima na chupa moja iliyokuwa na jina la Kilatini safi kabisa, bila mahali wala tarehe. Jina linaweza kurekebishwa. Mahali pakishasahaulika, ndiyo basi.

Wakati unasubiri uhakika, mpe nyumba isiyomdhuru: boksi lenye kifuniko imara na matundu ya hewa, udongo au makumbi ya nazi yaliyosagwa, kipande cha gome cha kujifichia na kisahani cha maji. Akianza kuchimba, ongeza kina. Akipanda ukutani na kusuka utando juu, huenda ni wa mtini, mpe boksi refu na gome la kusimama. Kwa anayeishi chini, usiache nafasi kubwa juu ya udongo, maana akianguka tumbo linaweza kupasuka.

Siku moja utamkuta amelala chali. Usimtupe! Anajivua gamba. Mwache, toa panzi au mende waliobaki, kisha lihifadhi gamba. Kwa jike, gamba hilo lina alama ya kifuko cha kutunzia mbegu za dume, na umbo lake ni mojawapo ya vitu ambavyo mtaalamu huangalia ili kutofautisha spishi, bila kumgusa buibui mwenyewe.

Jike wa baadhi ya spishi anaishi zaidi ya miaka 20. Anaweza kupita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja ataamini ulichoandika wewe. Kwa hiyo kama hujathibitisha, andika hivyo: alikotoka, tarehe uliyompokea, na neno "hajathibitishwa". Na ukikuta shimo lenye utando huko Usambara, piga picha, andika mahali, mwache kwake.