Ngano Zetu na Sinema ya Vibonzo

Ngano ni mali ya mdomo na sikio. Mtambaji hutoa, hadhira hupokea, na baina yao hapana kalamu wala chombo. Hata hivyo, historia yatuonyesha kwamba ngano za Afrika Mashariki zimepita katika hatua tatu: masimulizi, chapa, na sasa sinema ya vibonzo. Katika makala hii tumekusudia kuitazama hatua hiyo ya tatu, hasa hapa Kampala, na kuuliza Kiswahili kina nafasi gani ndani yake.

Katika hatua ya chapa Kiswahili hakikuwa nyuma. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mjini London ngano alizozikusanya Unguja, Kiswahili kikiwa ukurasa huu na Kiingereza ukurasa wa pili. Katika Buganda, Sir Apolo Kaggwa, aliyekuwa Katikkiro tangu 1889 hadi 1926, alizitia ngano za Kiganda katika kitabu. Vizazi vya wanafunzi vimenufaika na kazi za namna hiyo.

Hatua ya tatu ilichelewa kufika. Mwaka 1991 Jean-Michel Kibushi wa Kongo alitengeneza sinema fupi ya vibonzo kutokana na ngano ya Watetela juu ya chura aliyekwenda ukweni. Mwaka 2010 Nairobi ilitoa mfululizo wa Tinga Tinga Tales, ngano za wanyama zilizochorwa kwa kufuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 1972. Mwaka 2011 Kwame Nyong'o, naye wa Kenya, alitoa The Legend of Ngong Hills, kisa cha zimwi lililompenda msichana wa Kimaasai. Kampala nayo ikafuata. Mwaka 2017 studio ya Creatures Animation, chini ya uongozi wa Raymond Malinga, ilitoa A Kalabanda Ate My Homework. Kila aliyelala katika bweni la shule ya Uganda amepata kutishwa na kalabanda, dude la usiku ambalo kila mmoja hulisimulia lakini hapana aliyeliona.

Hapo ndipo ilipo kazi ngumu ya mchoraji. Mtambaji husema tu "kalabanda", na kila mtoto hujichorea lake moyoni. Kadhalika katika ngano ya Kintu na Nambi, Walumbe, ambaye ndiye Mauti, huwafuata wana wa Kintu duniani, na msimulizi halazimiki kutueleza sura yake. Mchoraji hana uhuru huo. Hana budi kuamua pua, macho na mwendo. Na akiisha kuamua, watoto maelfu wataiona sura ile moja. Tena kazi yenyewe ni ya subira kubwa. Sinema hupitisha picha 24 kwa kila nukta ya dakika. Hata kila mchoro ukitumiwa mara mbili, sinema ya dakika tano yahitaji michoro 3,600.

Lakini liko jambo jingine limpasalo mwalimu wa lugha kulijua. Katika vibonzo, aghalabu sauti hurekodiwa kwanza, kisha midomo huchorwa kuyafuata maneno. Maana yake ni kwamba lugha iliyochaguliwa siku ya kwanza ndiyo inayokifinyanga kinywa cha mhusika. Lugha ijayo baadaye kwa njia ya tafsiri huvikwa kinywa kisichokuwa chake. Tinga Tinga Tales ilitungwa kwa Kiingereza, ijapokuwa mtindo wa michoro yake ulizaliwa Dar es Salaam. Mwaka 2023 Malinga alishiriki kwa sinema yake Herderboy, inayohusu wachungaji wa ng'ombe, katika mkusanyo wa sinema kumi kutoka nchi sita za Afrika. Mkusanyo huo umeitwa Kizazi Moto. Jina ni la Kiswahili. Mazungumzo, kwa sehemu kubwa, ni ya Kiingereza.

Asiseme mtu kwamba lugha yetu haiwezi kazi hii. Tangu mwaka 2014 vibonzo vya Ubongo Kids, kutoka Dar es Salaam, vimewafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili, nao wakafurahi.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe shuleni. Amri yaweza kukiingiza Kiswahili darasani, bali haiwezi kumfanya mtoto akipende. Ngano yaweza. Kwa hiyo tunawasihi walimu wenzetu wasingoje kuitwa kutafsiri kazi iliyokwisha kuchorwa. Wanafunzi na wachague ngano moja ya kwao, Kiganda, Kiacholi au Kinyoro, waiandike kwa Kiswahili fasaha kama mazungumzo, waisome kwa sauti na kuirekodi. Kisha waipeleke kwa vijana wa sanaa, ambao mji huu haukuwakosa. Maneno yakitangulia, michoro itafuata.