Kodi ya Mbwa

Kila mwisho wa mwezi naandika matumizi ya mbwa wetu daftarini: dagaa, pumba, dawa ya minyoo, dawa ya kupe. Waingereza wa zamani walikuwa na mdai mwingine, naye ni serikali.

Mwaka 1796 Bunge lao liliwatoza kodi wenye mbwa, na mbunge John Dent aliyeipigania akabandikwa jina la Dent wa Mbwa. Mwaka 1867 ikaja leseni ya shilingi 5. Mwaka 1878 ikapanda hadi shilingi 7 na peni 6. Hapo ikaganda kwa zaidi ya miaka mia. Nyama ilipanda bei, daktari wa mifugo naye akapandisha, leseni ikabaki palepale. Sarafu zilipobadilishwa mwaka 1971 ikawa peni 37 na nusu. Kuikusanya kukagharimu zaidi ya kilichopatikana. Mwaka 1987 ikafutwa, ila Ireland ya Kaskazini wanaitoza hadi leo.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayesumbuliwa na watoto uwaletee kibwa, leseni ilikuwa kitu kidogo. Pigia hesabu kwanza mlo na chanjo za mwaka mzima, ndipo uwakubalie.