Makunduchi: Hesabu ya Mwaka kwenye Ardhi ya Mawe

Anayetoka Mji Mkongwe kwenda Makunduchi hukata kisiwa cha Unguja kuelekea kusini, safari ya kilomita 60 hivi. Mwanzoni barabara hupita katikati ya minazi, miembe na migomba, kwenye udongo mzito ambao karne ya 19 uliwavutia wenye mashamba ya karafuu. Ukishaupita msitu wa Jozani nchi hubadilika. Udongo hukonda, mawe ya matumbawe hutokeza juu, na miti mirefu huviachia nafasi vichaka. Wenyewe huita maweni. Mgeni huona pori. Mwenyeji huona makonde, na anajua lipi ni la nani na lilipumzishwa tangu lini.

Kilimo cha maweni kinahitaji ujuzi wake. Kichaka hufyekwa, huachwa kikauke, kisha huchomwa, na majivu ndiyo mbolea. Jembe halina kazi kubwa, maana hapana pa kulipigia. Mkulima hutafuta vishimo baina ya mawe, pale palipojikusanya udongo wa kujaa kiganja, akatoboa kwa kijiti au chuma chenye ncha, akatia mbegu: mtama, kunde, choroko, mbaazi, muhogo, na siku hizi tungule na pilipili. Mawe yaliyong'oka hupangwa kuwa ukuta wa kulizunguka konde, nguruwe mwitu wasiingie. Baada ya misimu michache konde huachwa lirudi kichaka kwa miaka kadhaa. Kwenye udongo haba namna hii kukosea siku ni kukosa mavuno. Ukitangulia, mbegu huungua; ukichelewa, mvua imeshapita na maji yameshazama maweni.

Ndiyo maana urithi mkubwa wa Makunduchi, kwa maoni yangu, ni hesabu. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, na kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote. Ni kalenda ya ibada. Haimwambii mtu lini afyeke. Kwa shughuli za shamba na bahari, watu wa pwani walishika mwaka wa Nairuzi, wenye asili ya Uajemi, ambao hufuata jua. Mwaka huo una siku 365, zilizogawanywa katika miongo: kila mwongo siku kumi, miongo 36, kisha siku tano za ziada za kuufunga mwaka. Siku hizi Siku ya Mwaka, yaani siku ya kwanza ya hesabu hiyo, huangukia Julai, wakati wa kipupwe, masika yakiwa yamekwisha na konde jipya likingoja kufyekwa. Ukihesabu kuanzia hapo, Oktoba, vuli inapoanza kunukia, inakuwa baina ya mwongo wa nane na wa kumi. Mzee anayeshika miongo hahitaji karatasi ukutani.

Hesabu hii haina mwaka mrefu, kwa hiyo husogea nyuma siku moja takriban kila miaka minne. Kwa umri wa mtu mmoja tofauti hiyo ni ndogo. Katika karne moja hukaribia siku 25. Haikutosha kuiangusha. Mabaharia wa Bahari ya Hindi nao waliitegemea: Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa Julfar, mwishoni mwa karne ya 15 aliandika nyakati za kung'oa nanga kwa siku za Nairuzi. Mkulima wa maweni na nahodha wa jahazi walitumia hesabu moja, kwa sababu upepo unaoleta vyombo ndio unaoleta mvua.

Wala sikukuu ya Siku ya Mwaka haikuwa ya Makunduchi peke yake. Askofu Edward Steere, aliyekuwa Unguja miaka ya 1860, aliieleza kama desturi ya watu wa mjini pia. Watu walioga baharini, moto wa zamani ukazimwa na mwengine ukawashwa kwa kupekecha, vikapikwa vyakula vya nafaka na kunde vikaliwa na kila aliyekuja. Aliandika pia kwamba zamani ugomvi wa mwaka mzima ulimalizwa kwa mapigano siku hiyo, na hakuna aliyeulizwa baadaye. Mjini desturi hiyo ilififia. Makunduchi ilibaki na nguvu, na leo sikukuu hiyo, iitwayo Mwaka Kogwa, huwaleta watu kutoka kila upande wa kisiwa, pamoja na watalii.

Kinachopigwa picha zaidi ni mapigano. Wanaume wa upande wa kusini na wa kaskazini mwa kijiji hukabiliana kwa vigogo vya migomba. Zamani zilikuwa fimbo. Vigogo hupasuka, utomvu hurukia nguo, na aliyekuwa na kinyongo hukitoa. Wanawake, wamejipamba kwa kanga na nguo mpya, huzunguka uwanja wakiimba, na nyimbo zao hazimwachi mtu. Kisha hujengwa kibanda cha makuti, wazee huingia, moto hutiwa, na walio ndani hutoka mbio moshi ukiwa umeshatanda. Upande unakoelekea moshi hutazamwa kwa makini, kwani humo husomwa bahati ya mwaka. Halafu watu huenda kuoga na kula, na mgeni asiyekuwa na mwenyeji hatakiwi kubaki na njaa. Ngoma huendelea hata siku nne. Napenda mambo haya yote, lakini naamini ni sherehe ya kufunga na kufungua hesabu. Pasipo hesabu, kibanda kinaungua bure.

Walioishika hesabu hiyo walikuwa chini ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa Wahadimu, wenyeji wa kusini na mashariki mwa Unguja, aliyekuwa na kasri lake Dunga, katikati ya kisiwa. Sayyid Said, Sultani wa Omani, alipohamishia makao yake Unguja, Mwinyi Mkuu aliachwa aendelee kuwaongoza watu wake, na kodi yao ikagawanywa baina ya wawili hao. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmad alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmad, aliyemrithi, naye akafariki mwaka 1873, na utawala huo ukakoma. Kijijini hata hivyo mamlaka ya ardhi hayakuwa ya mfalme. Palikuwa na sheha, palikuwa na wazee walioitwa Watu Wanne, na palikuwa na mvyale, mwanamume au mwanamke wa ukoo wa waanzilishi, aliyekwenda kwenye mzimu, mahali pa matambiko, kuomba ruhusa kabla kichaka hakijaguswa. Wavyale walijua misimu vizuri kuliko mtu yeyote.

Kusini pia kuliujenga Mji Mkongwe, jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Nyumba zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa huchomwa kwa kuni nyingi. Kuni, chokaa, kamba na makuti vilitoka vijiji vya kusini na mashariki. Wanawake walifukia makumbi ya nazi ufukweni kwa miezi, wakayafukua, wakayaponda hadi yatoe usumba, wakasokota kamba. UNESCO iliuandika Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ulistahiki. Mikono iliyochoma chokaa ile ina fungu lake katika heshima hiyo.

Mapinduzi ya 1964 yaligawa eka tatu tatu, hasa kwenye mashamba ya udongo mzuri. Maweni yalibaki na taratibu zake. Serikali ya Mzee Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, ikajenga nyumba za ghorofa hata Makunduchi, mfano wa zile za Michenzani mjini. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani, vijiji vya pwani ya kusini-mashariki, kikaenea pwani ile, na wanawake wakapata fedha iliyo mkononi mwao. Mwani hufuata bamvua, kwa hiyo mke huhesabu mwezi na mume huhesabu jua, katika nyumba moja.

Kikae, lahaja ya Makunduchi, kimepata watu wa kukiandika. Haji Chum alichapisha msamiati wake tangu miaka ya 1960, na BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, imetoa kamusi. Miongo haijapata bahati hiyo. Bado wapo wazee wanaoweza kukaa barazani na kutaja mwongo kwa mwongo: lini kufyeka, lini kuchoma, mvua ipi ya kuaminiwa na ipi ya kupuuzwa. Mwalimu wa skuli ya hapohapo, daftari moja na mwaka mzima wa kuwasikiliza, kuanzia Siku ya Mwaka hadi siku tano za mwisho, vingetosha kuanza kazi hiyo.