Orodha ya Majina: Nilivyokuja Kuuelewa Wimbo wa "Indépendance Cha Cha"

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ndani ya wimbo wa "Indépendance Cha Cha" mna amri ya kucheza. Katika harusi za Wakongo hapa Uingereza wimbo huo hupigwa usiku sana, wazee wakiwa wameshiba na vijana wamechoka na muziki wao. Mimi na binamu zangu tulikuwa tukisikia "kona kata", na kwa kuwa sisi ni watoto wa Kiswahili tulijua tunaambiwa tukate kona. Basi tulikata kona kweli, mkono kiunoni, huku tunacheka. Mbele kidogo tulisikia "mitatu", tukainua vidole vitatu. Hakuna mtu mzima aliyetusahihisha.

Neno la kwanza lilikuwa Conakat, chama cha siasa cha Katanga. La pili lilikuwa Kamitatu, jina la mwanasiasa.

Kosa letu lina sababu yake. Nyumbani kwetu tunasema Kiswahili cha Lubumbashi, na wimbo umeimbwa kwa Kilingala kilichochanganywa na Kifaransa. Mama anakifahamu Kilingala cha nyimbo, kama watu wengi wa Lubumbashi waliokua na redio, lakini hakuwahi kukaa chini akatufasiria. Niliwahi kumuuliza nikiwa na miaka kama kumi. Alijibu akiwa anakaanga samaki: "Ni majina ya bantu." Jibu lilikuwa kamili na sahihi. Mimi nililiona si jibu.

Mwaka jana, katika somo la lahaja, mhadhiri alitupa kurasa chache za maelezo ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Tshibumba alizaliwa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1947. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi yake, picha zipatazo 100, na akaieleza kila picha kwa Kiswahili cha mji wetu. Fabian alirekodi maelezo hayo na baadaye akayatoa katika kitabu kiitwacho Remembering the Present. Kazi yetu darasani ilikuwa kutafuta viambishi: ba- badala ya wa-, na kadhalika. Nilikuwa nikipigia mstari viambishi hivyo nikakutana na Lumumba, kisha Kasavubu, kisha Tshombe, kisha Kalonji, na kichwani mwangu majina hayo yakaanza kujipanga kwa mwendo wa cha cha. Niliacha viambishi. Niliweka wimbo masikioni nikausikiliza mara nne mfululizo, kalamu mkononi, nikiandika majina.

Yako hivi: Bolikango, Kasavubu, Lumumba, Kalonji, Bolya, Tshombe, Kamitatu, Essandja, na Kanza anayetajwa kwa heshima ya Mbuta, yaani mzee kwa Kikongo. Pamoja nao viko vyama: Abako, Conakat, MNC, PSA na vingine. Maneno yanayobaki yanasema tu kwamba uhuru umepatikana, kwamba hawa wote wamesikilizana na kuwa kitu kimoja, na kwamba Meza ya Duara imeshinda.

Meza yenyewe ilikuwa Brussels. Mkutano ulifunguliwa tarehe 20 Januari 1960, serikali ya Ubelgiji upande mmoja na viongozi wa vyama vya Kongo upande wa pili. Wabelgiji walitarajia kukutana na watu wasiopatana, na matarajio yao hayakuwa ya kijinga. Abako ya Joseph Kasavubu ilisimama juu ya Wakongo wa magharibi. Conakat ya Moïse Tshombe ilikuwa imeundwa mwaka 1958 kutetea wale waliojiita wenyeji halisi wa Katanga dhidi ya wahamiaji waliotoka Kasai kufanya kazi za migodi. MNC ilikuwa imepasuka katikati mwaka 1959, nusu ikimfuata Patrice Lumumba na nusu Albert Kalonji. Pamoja na hayo yote walipofika Brussels waliunda umoja mmoja mbele ya Wabelgiji, na sharti lao moja likawa kwamba Lumumba afunguliwe. Yeye alikuwa ndio kwanza amehukumiwa kifungo cha miezi 6 na kupelekwa gerezani Jadotville, mji wa Katanga unaoitwa leo Likasi. Wabelgiji walikubali. Lumumba alitoka gerezani Katanga akafika Brussels tarehe 26 Januari. Siku iliyofuata tarehe ya uhuru ilitangazwa: 30 Juni 1960.

Wanamuziki walikuwapo kwa sababu Thomas Kanza, mmoja wa Wakongo wa kwanza kuhitimu chuo kikuu, aliona kwamba wajumbe wanahitaji bendi ya nyumbani. Akaalikwa Joseph Kabasele, yule Grand Kallé, na African Jazz yake: Nico Kasanda kwenye gitaa la solo, kaka yake Déchaud kwenye gitaa la pili, Roger Izeidi, na Petit Pierre kwenye ngoma. Kutoka bendi hasimu ya OK Jazz waliazimwa Vicky Longomba na Brazzos. Hapo penyewe ni kama Meza ya Duara ndogo, maana mashabiki wa bendi hizo mbili huko Léopoldville hawakuwa wakipatana hata kidogo. Wimbo ulitungwa na kupigwa Hoteli Plaza siku hizohizo. Ukarekodiwa, ukaingia redioni, na kwa kuwa mwaka huo nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, ukachezwa hata mahali ambapo Bolikango hakujulikana ni nani. Nadhani ndipo watu walipoanza kuucheza bila kujua unasema nini. Sisi watoto wa harusini hatukuwa wa kwanza.

Kabla ya mwaka jana ningesema wimbo huu ni wa furaha, basi. Sasa nilikuwa na orodha yangu ya majina, na nilifanya jambo rahisi: mbele ya kila jina niliandika lililompata.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni, Kasavubu akiwa rais na Lumumba waziri mkuu. Bolikango alikuwa ameutaka urais akashindwa. Tarehe 11 Julai, siku 11 tu baadaye, Tshombe alitangaza Katanga imejitenga, akisaidiwa na Wabelgiji na fedha za shaba. Tarehe 8 Agosti Kalonji alitangaza Kasai Kusini imejitenga. Mwisho wa mwezi huo jeshi lililotumwa na serikali ya Lumumba liliingia Bakwanga, mji mkuu wa Kalonji, na raia wengi wa Kiluba waliuawa. Tarehe 5 Septemba Kasavubu alimwachisha Lumumba kazi, Lumumba naye akatangaza kumwachisha Kasavubu. Tarehe 14 Mobutu, ambaye hayumo katika wimbo, akawasukuma wote kando.

Lumumba alitoroka kizuizini mwezi Novemba, akakamatwa. Mpango wa kwanza ulikuwa kumpeleka Bakwanga, kwa Kalonji. Ukabadilishwa, akapelekwa Élisabethville, kwa Tshombe. Tarehe 17 Januari 1961 alishushwa kwenye ndege pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, wamepigwa vibaya, na usiku huo wote watatu walipigwa risasi porini nje ya mji. Maofisa wa Kibelgiji walikuwapo. Tshombe alikuwapo. Ulikuwa haujatimia mwaka tangu Lumumba atolewe katika gereza la jimbo hilohilo ili akakae mezani pamoja nao.

Katika wimbo, kati ya jina la Lumumba na jina la Tshombe mna majina mawili tu. Moja ni la Kalonji.

Nilikaa na karatasi hiyo muda mrefu. Tshibumba alipoichora maiti ya Lumumba na wenzake wawili aliweka misalaba mitatu nyuma yao kwa mbali, na mwanafunzi yeyote aliyepita Sunday school anaelewa alichosema. Mimi nilichokuwa nikikifikiria ni vidole vyangu vitatu nilivyokuwa nikiviinua hewani.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa nkambo. (Sisi tunamwita nkambo, wenzetu wa pwani wangesema bibi.) Nkambo ni Mluba wa Kasai aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1952, binti wa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba. Kwa maneno ya Conakat yeye alikuwa mgeni katika mji aliozaliwa. Nilikuwa najua juujuu kwamba utotoni "walikaa kambini". Nilidhani ni kambi ya wafanyakazi, kwa kuwa nyumba za kampuni pia huitwa kambi. Kumbe ni nyingine. Mwaka 1961 Waluba maelfu kwa maelfu walikimbia nyumba zao mjini wakiwaogopa askari na vijana wa Tshombe, wakajibanza karibu na majeshi ya Umoja wa Mataifa nje ya Élisabethville. Waliishi hapo katika vibanda vya magunia na mabati, na mwaka 1962 Umoja wa Mataifa uliwasafirisha wengi wao, baadhi wakipelekwa Kasai, nchi ambayo watoto kama nkambo hawakuwahi kuiona. Alikaa huko hadi alipoolewa na babu yangu na kurudi Lubumbashi.

Nilimpeleka orodha yangu nikiwa na haya kidogo. Kila jina lililoandikwa pale lina namna lilivyomgusa. Tshombe aliwafukuza. Askari wa Lumumba waliua ndugu za baba yake Bakwanga. Kalonji alikuwa "wetu", na huyo wetu aliwaongoza kwenye njaa. Lakini tangu nizaliwe sijawahi kumwona nkambo akikaa wimbo huu ukipigwa. Huinuka hata magoti yakimuuma. Nilimuuliza anawezaje kuyacheza majina haya.

Alisema: "Ile ilikuwa mbele."

Nilielewa vibaya, na kosa hili nalileta kwa wanachama wenzangu kwa sababu ni kosa la darasani. Kwa Kiswahili tunachofundishwa chuoni, mbele ni kule tunakoelekea. Nilidhani ananiambia mambo mabaya yalikuwa bado yako mbele yao, yanakuja, hawayaoni. Niliandika hivyo katika daftari na nikaona ni jibu zuri sana. Siku tatu baadaye nilimsomea mama, akacheka. Kwa Kiswahili cha Lubumbashi mbele ni kabla, ni kwanza. Nkambo alisema wimbo ule ulitangulia. Ulikuwako kabla ya kambi, kabla ya treni ya kwenda Kasai, wakati baba yake alikuwa bado na redio na majirani wa Kikatanga walikuwa wakija kuisikiliza nyumbani kwao. Yeye hawachezei wale wanasiasa. Anaicheza ile miezi.

Nilirudi kwake kuhakikisha. Alisema ndiyo, na akaongeza ambacho sikukiuliza: kwamba walipotoka nyumbani redio iliachwa, na kwamba waliokuja kuhamia ndani walikuwa baadhi ya majirani hao.

Katika vitabu nilivyosoma wimbo huu hutajwa kama mfano wa matumaini yaliyovunjika. Sipingi. Lakini nadhani wanahistoria wanaosema hivyo wanausikiliza kutoka mwisho kwenda mwanzo, kama nilivyofanya mimi na karatasi yangu. Kabasele hakutabiri wala hakudanganywa. Alitaja waliokuwapo ukumbini, na wiki ile walikuwa pamoja kweli. Bila umoja wao Lumumba angebaki gerezani Jadotville, na Wabelgiji wasingetoa tarehe ya karibu hivyo. Umoja wa mwezi mmoja nao ni tukio la historia. Watu walifanya jambo ndani yake.

Mwezi Juni 2022 Ubelgiji iliwarudishia jamaa za Lumumba jino lake, kitu pekee kilichosalia, kwa sababu maiti ziliyeyushwa kwa asidi. Jeneza lilizungushwa nchini, likafika Shilatembo, mahali alipouawa karibu na Lubumbashi, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Nilikuwa na miaka 17. Nakumbuka nkambo alitazama televisheni siku nzima bila kusema neno, na mimi nilikuja nikamwomba rimoti nitazame mpira. Alinipa.

Mwezi wa nane mwaka huu tulikuwa na harusi ya binamu yangu. Wimbo ukapigwa karibu saa saba za usiku. Watoto wadogo walifika katikati ya ukumbi, na jina la Conakat lilipopita wakakata kona, mkono kiunoni, vilevile kama sisi. Sijui ni nani aliyewafundisha. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo niwaeleze. Nkambo alikuwa tayari ameinuka na amenishika mkono, na hapendi mtu anayezungumza akicheza.