Kamba ya Makumbi na Chombo Kisicho na Msumari

Katika karne ya 6 Procopius, mwanahistoria wa dola ya Warumi ya mashariki, alilijibu swali lililokuwa midomoni mwa mabaharia wa zama zake: kwa nini vyombo vya Bahari ya Hindi hushonwa kwa kamba na havina msumari hata mmoja? Wengi, anasema, waliamini kwamba katika bahari hiyo imo miamba ya sumaku. Chombo chenye chuma kikiikaribia, chuma huvutwa na chombo hakisalimiki. Yeye hakukubali. Vyombo vya Warumi vilikuwa vikitoka bandari ya Aila, kaskazini ya Bahari ya Shamu, na chuma chake chote, na havikupatwa na jambo hilo. Sababu, kwa maoni yake, ni kwamba watu wa huko chuma hawana.

Hadithi ya mlima wa sumaku iliishi kuliko Procopius mwenyewe. Imo katika Alfu Lela Ulela, na mimi niliisikia utotoni kijijini kwetu Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, tukiwa tumelala juu ya mkeka na mlango uko wazi kwa ajili ya joto. Niliipenda wakati ule na naipenda hadi leo. Jibu la Procopius ndilo linaloniudhi, kwa sababu bado linatembea mitaani. Nimefundisha historia sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kila mwaka yupo kijana anayenyanyua mkono na kusema kwamba wazee wetu walishona vyombo kwa kuwa hawakujua kufua chuma.

Walijua. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyeandika huko Sicily na kumaliza kitabu chake mwaka 1154, anasema watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba chuma ndiyo bidhaa iliyowaletea faida kubwa kuliko zote. Chuma cha Sofala, upande wa kusini, anasema kilinunuliwa na kupelekwa India. Wachimbuaji wa mambo ya kale nao wameokota mabaki ya ufuaji chuma katika miji mingi ya pwani hii. Watu wanaouza chuma ng'ambo hawawezi kushindwa kupata misumari ya chombo chao wenyewe. Walishona kwa sababu waliona kushona ni bora, na hilo ndilo nitakalo lieleweke kwanza.

Ushahidi wa kushona ni wa kale mno. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa na mfanyabiashara aliyeijua bahari hii, kinautaja Rhapta kuwa soko la mwisho la pwani yetu, na kinasema mji huo ulipata jina lake kutokana na vyombo vyake vya kushonwa. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika kisiwa cha Msumbiji, mtu mmoja wa msafara wake aliandika kwamba vyombo vya huko ni vikubwa kiasi, havina misumari, mbao zimeshikwa kwa kamba na matanga ni ya mikeka. Miaka saba baadaye, mwezi Julai 1505, Wareno wa Francisco de Almeida waliuteka Kilwa. Ripoti ya safari ile inataja vyombo vilivyovutwa pwani, vikubwa vyao vinafikia tani 50, vimeshonwa kwa kamba ya makumbi. Hivyo ndivyo vilivyokwenda Sofala kufuata dhahabu. Dhahabu yote iliyompa Sultani wa Kilwa sifa mpaka Ulaya ilibebwa na kamba.

Aliyeeleza sababu vizuri zaidi ni Ibn Battuta wa Morocco, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Anasema bahari hii ina miamba mingi. Chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, lakini cha kamba kina kunyumbuka, kinainama kidogo na kupona. Mtu yeyote aliyekwenda na ngalawa juu ya matumbawe maji yakiwa yanapwa atalielewa neno hilo bila kufafanuliwa. Pwani yetu haikuwa na gati. Chombo kilipandishwa mchangani, kikakaa ubavu maji yakitoka, kikapakiwa, kikasubiri maji yajae kiondoke. Mbao zilizobanwa kwa msumari hupasuka pale msumari ulipo. Zilizoshonwa husogea pamoja.

Chombo cha mwisho cha ukoo huu kilikuwa mtepe, chombo cha Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu na Pate. Kilikuwa na mlingoti mmoja na tanga la mraba lililosukwa kama mkeka. Omo yake ilitoka mbele ndefu kama shingo na kichwa cha ngamia, na wazee walisema ni kumbukumbu ya ngamia wa Mtume. Omoni kulichorwa macho, na chini yake kukaning'inizwa mapambo na hirizi. Mizigo yake mikubwa ilikuwa boriti za mikoko, zile zile zinazobeba dari za nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ukiingia nyumba ya zamani katika mitaa ya Shangani au Malindi ya Mji Mkongwe ukanyanyua macho, boriti uzionazo huenda zilifika kwa mtepe.

Mafundi walizipanga mbao ubavu kwa ubavu, wakazishika kwa vijiti vya mti vilivyopigiliwa ndani ya unene wa ubao, kisha wakatoboa matundu kwa keekee pande zote mbili za kiungo. Kamba ikapitishwa, ikavutwa kwa nguvu za watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje, na tundu likazibwa ili maji yasipite. Mataruma yalitiwa baadaye, mbao zikiwa zimekwisha kusimama. Hata hivyo chombo kilivuja. Kila mtepe ulikuwa na mtu wa kufua ngama safari nzima, na kamba zilipochoka chombo kilishonwa upya.

Hapa ndipo vitabu nilivyofundishia huishia. Vinamtaja nahodha, vinamtaja fundi, vinataja kaskazi na kusi. Kamba inatajwa kama mchanga unavyotajwa, kana kwamba ilikuwapo tu pwani ikingoja kuokotwa. Mimi nimekulia katika nyumba iliyokula kwa kamba, na najua kamba haiokotwi.

Kwetu kazi ya makumbi ni ya wanawake. Nazi ikishafuliwa kwenye kifuo, makumbi hukusanywa na kupelekwa pwani maji yakipwa. Kila mwanamke ana shimo lake katika ile sehemu inayofunikwa na maji mara mbili kwa siku, na anaijua alama yake ya mawe kama anavyoujua mlango wake. Makumbi hupangwa shimoni, hufukiwa kwa mchanga, juu yake huwekwa mawe yasije yakaelea bahari ikijaa. Kisha huachwa miezi. Maji ya chumvi huingia na kutoka, nyama ya kumbi huoza, nyuzi hubaki. Siku ya kuyachimbua hunuka vibaya, harufu ya tope na kuoza inayoingia kwenye kanga na haitoki kwa kufua mara moja. Hupondwa kwa rungu juu ya jiwe au gogo, kumbi moja moja, mpaka unga wote utoke. Hukoshwa baharini, hupondwa tena, huanikwa. Kinachobaki ni usumba, nyuzi za rangi ya dhahabu iliyofifia, nyepesi hata huamini kwamba zimetoka katika kile kitu cheusi kilichonuka asubuhi.

Bibi yangu alisokota baada ya sala ya alasiri, ameketi barazani mguu mmoja ameunyoosha. Alichukua kijisehemu cha usumba mkono wa kulia na kingine wa kushoto, akaviviringisha pamoja kati ya viganja, kila kimoja kikisokoteka upande ule ule, kisha akaviacha vijifunge vyenyewe. Aliongeza usumba kabla uzi haujawa mwembamba, hakuacha fundo. Upande uliokwisha aliuzungusha kwenye kidole gumba cha mguu na kuvuta. Nilipompa kamba niliyoisokota mimi aliiweka karibu na sikio, akaipinda.

"Unasikia?" aliniuliza.

"Nasikia inakwaruza, Bibi."

"Ina unga ndani. Hii haimalizi mwaka. Nenda kaponde tena."

Niliponda tena. Wakati ule sikuwa najua kwamba mtu fulani aliwahi kuandika habari za kazi hii. Ibn Battuta, yule yule, alifika Maldives mwaka 1343 na akafanywa kadhi wa visiwa vile. Katika maelezo yake ya huko anaeleza kamba ya makumbi: makumbi hulowekwa katika mashimo karibu na bahari, hupondwa kwa marungu, kisha wanawake huyasokota, na kamba hiyo huuzwa India, China na Yemen kushonea vyombo. Nilikisoma kifungu hicho chuoni na nikakifunga kitabu. Karibu miaka 700 imepita, na ukikitoa kifungu hicho Maldives ukakiweka Jambiani au vijiji jirani vya Paje na Bwejuu huna la kubadilisha. Huko Kilwa Ibn Battuta alituachia habari za ukarimu wa Sultani. Maldives alituachia wanawake. Nashukuru kwa yote mawili, lakini la pili ndilo lililonifundisha kusoma historia ya bahari kuanzia pwani, kabla chombo hakijaingia majini.

Visiwa vya Lamu navyo vina simulizi inayotaja watu wa Diba, yaani Maldives, kuwa ndio walioleta ufundi wa mtepe baada ya chombo chao kupata ajali huku. Kushona kwenyewe kulikuwako kwetu zama za Periplus, kwa hiyo siichukui simulizi hiyo kama cheti cha kuzaliwa. Naichukua kama kumbukumbu ya watu wawili wa bahari moja waliotambuana kwa kazi zao. Mnazi wenyewe ni mgeni kutoka Asia. Ulivuka bahari ukaota kwetu, ukatupa kamba ya kuivukia bahari ile ile.

Mtu asidhani kamba iliyohitajika ilikuwa kidogo. Mwaka 1980 Tim Severin alitoka Oman kwenda China kwa chombo kilichoshonwa kwa desturi ya kale, kilichoitwa Sohar. Ilibidi zitafutwe kamba za makumbi za urefu wa mamia ya kilomita. Mitepe mingi ilikuwa midogo kuliko Sohar, lakini tukate hata robo, tupunguze tena nusu, bado tunazungumzia masaa ya viganja yasiyohesabika kabla fundi hajashika keekee. Na hapo sijagusa kamba nyingine za chombo, yaani amari ya nanga, henza na demani za tanga, ambazo nazo zilikuwa za makumbi katika kila chombo, cha kushonwa na cha msumari.

Mtepe ulikufa polepole. Baada ya Wareno, waundaji wa Uarabuni na India walizidi kuegemea misumari, na majahazi ya misumari yalibeba mzigo mkubwa bila kushonwa upya kila mara. Zikaja meli za moshi. Kufikia katikati ya karne ya 20 mitepe ilikuwa imekwisha kutoweka Lamu. Kamba iliendelea kidogo, ikafungia paa za makuti, vitanda na ngalawa, mpaka nailoni ilipoingia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kilimo cha mwani kilifika pwani yetu, na wanawake waliokuwa wakifukia makumbi walianza kufunga mwani kwenye kamba za plastiki, katika pwani ile ile, maji yale yale ya magotini. Siwalaumu. Mwani ulisomesha watoto.

Walikuwapo Wabajuni waliokuwa bado wanaujua ufundi, na mwanzoni mwa karne hii uliundwa mtepe wa ukubwa kamili, ukawekwa ukumbini katika Beit al-Ajaib ya Mji Mkongwe, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883. Niliwapeleka wanafunzi wangu kuuona. Wavulana walikwenda moja kwa moja omoni kwenye macho. Wasichana wawili, wote wa kijiji kimoja na mimi, walibaki ubavuni wakiinama karibu na mshono, na mmoja akaniita: "Mwalimu, hii ni kama ya kwetu." Nikamwambia ndiyo, ni kama ya kwetu, na tukakaa pale muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili walifariki. Itakapofika siku ya kuonyesha tena historia ya vyombo vyetu katika ukumbi wowote wa nchi hii, ninaomba mgeni asianzie kwenye omo. Aanzie kwenye kifuo na kumbi. Awekewe rungu la kupondea na gogo lililochimbika katikati kwa miaka ya kupigwa, tita la usumba aliguse kwa mkono wake, na kamba mbili: moja imesokotwa vizuri, moja ina unga, azipinde sikioni na kusikia tofauti. Vitu hivyo vyote bado vipo vijijini kwetu, na wapo akina mama wanaoweza kueleza kila kimoja. Atakayepewa kazi ya kuandika maelezo ya ukumbi aje Jambiani wakati wa bamvua, maji yanapopwa mbali, ndipo mashimo yanapofikika kwa urahisi. Avae viatu vya kukanyagia matumbawe.