Tuseme Uvushaji wa Kazi

Bangalore haina pwani. Jiji hilo la India liko bara, takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo wako mabingwa wa istilahi walioketi, wakanywa chai, wakaamua kwamba kampuni ya Marekani inapopeleka huko kazi ya kuwasaidia wateja wa kompyuta, jambo hilo, ambalo Waingereza huliita *offshoring*, liitwe "uhamishaji wa ajira nje ya pwani". Nje ya pwani huchimbwa gesi, hakupokelewi simu.

Wengine wakaleta "kutoa kazi kwa zabuni". Hao wamepotea zaidi, maana wamechanganya nani na wapi. Kituo cha Bangalore cha Dell, kampuni ya kompyuta ya Marekani, kilikuwa cha Dell yenyewe, mzabuni hakuwapo.

Neno tulikuwa nalo siku zote: *kuvusha*. Vuka ikazaa vusha, kivuko na mvushaji, na Dar es Salaam ikapata Kivukoni. Kitenzi hiki hudai ng'ambo mbili na mzigo unaopita kati yake, bila kugusa suala la umiliki. Ndiyo maana mwandishi wa safu hii ametetea *uvushaji wa kazi* tangu zamani. Mpinzani mmoja, ambaye hakuna haja ya kumtaja, hudai neno linanuka magendo. Basi na kivuko cha Kigamboni kifungwe!

Uzuri wake mwingine ni kwamba kinachovushwa huweza kufika kimepungua. Novemba 2003 Dell iliacha kupeleka Bangalore simu za kampuni zilizotumia kompyuta zake za OptiPlex na Latitude. Wateja walilalamikia lafudhi, na majibu ya kusomewa: mtu ameshazima na kuwasha mashine yake, bado anaelekezwa aizime na kuiwasha, kwa kuwa karatasi inaanzia hapo. Mpokea simu hakuiandika karatasi hiyo, na saa nne asubuhi ya Texas mwezi huo kwake ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Simu hizo zikarudi Texas, Idaho na Tennessee. Benki ya Santander nayo, mwaka 2011, ilizirudisha Uingereza simu za wateja wake zilizokuwa zikipokelewa India.

Matumizi ni mepesi: kampuni *imevusha* huduma kwa wateja, ikijuta, *imeirejesha*. Wahariri waanze nalo toleo lijalo, bila kungoja kikao cha kamati yoyote.